Kliniki Hakuna Nafasi ya Kwanza

Katika nyumba nyingi za Tanzania kuna kadi moja ambayo haipotei. Hati ya kiwanja inaweza kutafutwa wiki nzima, cheti cha ubatizo kikaliwa na mende, lakini kadi ya kliniki ya mtoto ipo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya vitenge sandukuni. Pembe zake zimelika. Ndani yake kuna mchoro ambao kila mama anaujua hata kama hakumaliza shule: mstari unaopanda mwezi hadi mwezi, ukipita katika rangi. Ukiwa kwenye kijani, nesi anatabasamu na kumwita anayefuata. Ukianza kuteremka kuelekea nyekundu, mama anaketishwa pembeni, anaulizwa mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, na uji wake unachanganywa na nini. Jambo moja halitokei kwenye benchi lile. Nesi hasimami kutangaza kwamba mtoto wa fulani ameshika nafasi ya kwanza kwa uzito na wa fulani amekuwa wa 43.

Kisha mtoto anatimiza miaka mitano, na mizani inamuaga.

Punde si punde yuko darasa la kwanza, na tangu hapo mpaka amalize shule mwili wake unapimwa kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni mashindano. Mwalimu wa michezo anapuliza kipenga, wenye mbio wanaonekana, wanachaguliwa kwa ajili ya mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na baadaye ya sekondari, UMISSETA, waliobaki wanapiga makofi na kurudi darasani. Ya pili ni adhabu. Aliyechelewa namba anaruka kichurachura kuuzunguka mwembe, aliyepiga kelele anapiga pushapu kumi mbele ya wenzake. Muulize mtoto wa darasa la sita pushapu ni kitu gani. Atakwambia ni dawa ya utundu.

Kati ya wale wachache wanaokwenda mashindanoni na wale wanaoruka kichurachura getini, wamo mamilioni ya watoto ambao shule haijui kama mioyo na misuli yao iko sawa. Ipo njia ya kujua. Haihitaji hospitali wala mashine, na imeshafanyiwa kazi katika nchi kadhaa kwa zaidi ya miaka 40. Swali gumu liko kwingine: shule ambazo zimezoea kumpanga kila mtoto kwa nafasi zitaweza kumpima bila kumpanga?

Wataalamu wanatenganisha utimamu wa mwanamichezo na utimamu wa afya. Kasi ya mita 100, shabaha, wepesi wa kumpiga mtu chenga, hivyo ni vya mwanamichezo. Vya afya ni vingine: pumzi, yaani uwezo wa moyo na mapafu kuhimili kazi ya muda mrefu, nguvu za misuli na ustahimilivu wake, unyumbufu wa viungo, na uwiano wa mafuta na misuli mwilini. Mtoto anaweza kuwa mbumbumbu wa mpira, asijue hata kudaka, na bado moyo wake ukawa imara kuliko wa nahodha wa timu. Kwa kipimo cha mashindano mtoto huyo haonekani kabisa.

Na hivi vinavyopimwa si mapambo. Nchini Uswidi watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya milioni moja waliopimwa nguvu za misuli wakiwa na umri wa miaka 16 hadi 19, walipoitwa jeshini. Baada ya takriban miaka 24 ya kufuatiliwa, waliokuwa na nguvu zaidi ujanani walionekana kuwa na hatari ndogo ya kufa mapema, kwa asilimia 20 hadi 35, wawe walikuwa wanene au wembamba. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Mkono wa kijana wa kidato cha nne, kumbe, una habari za mtu wa miaka 45.

Wamarekani walianza mapema, na makosa yao yana mafunzo mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari mwenye asili ya Austria, Hans Kraus, na mpanda milima mwenzake, Bonnie Prudden, waliwapima maelfu ya watoto wa Marekani na wa Ulaya kwa vitendo sita vya mgongo, tumbo na miguu, ambavyo humalizika kwa dakika chache. Zaidi ya nusu ya watoto wa Marekani walishindwa angalau kitendo kimoja. Wenzao wa Austria, Italia na Uswisi walioshindwa hawakufika kumi katika mia. Habari ikamfikia Rais Eisenhower mwaka 1955, na mwaka uliofuata akaunda baraza la kushughulikia utimamu wa vijana. Ilikuwa Vita Baridi. Taifa lililokuwa likihesabu makombora ya Warusi likaanza kuhesabu pia sitapu za watoto wa shule. Mtihani wa kitaifa uliofuata uliingiza hadi kurusha mpira wa softiboli, na waliojua kambi za jeshi hawakuhitaji kuelezwa mrusho ule unafanana na wa kitu gani.

Mwaka 1966, chini ya Rais Lyndon Johnson, ikaja tuzo ya rais. Aliyetaka kuipata alipaswa kuwapita wenzake 85 katika kila mia, tena katika kila kitendo. Hesabu hiyo inakatisha tamaa hata kabla mtoto hajavaa raba. Watoto wote wa nchi wakiwa wazima kama chuma, walio wengi bado watakosa. Wote wakiwa hoi, wachache walio hoi kidogo watavishwa beji. Tuzo ilijua nani yuko mbele ya nani. Kama aliye mbele ni mzima au mgonjwa, haikuuliza. Vizazi vya Wamarekani vimebaki na kumbukumbu ya kuning'inia kwenye bomba la chuma, darasa zima likitazama, mwalimu akihesabu sifuri.

Kuna kichekesho ndani yake. Katika vile vitendo sita vya Kraus, kilichowaangusha watoto wengi wa Marekani ni kuinama na kugusa sakafu bila kukunja magoti. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipitia ushahidi wote wa vipimo vya vijana: ni kipi hasa kinahusiana na afya? Lilipendekeza mbio za kwenda na kurudi kwa ajili ya pumzi, kukaza kifaa kwa kiganja na kuruka mbali kutoka kusimama kwa ajili ya nguvu, pamoja na vipimo vya umbo. Kuhusu unyumbufu, halikupata ushahidi wa kutosha wa kuuhusisha na afya ya vijana. Kilichoitikisa Ikulu ya Marekani kwa kiasi kikubwa kilikuwa misuli ya nyuma ya mapaja. (Kraus mwenyewe alikuja kumtibu mgongo Rais Kennedy, aliyehubiri ukakamavu kuliko wote waliomtangulia huku akishindwa kuinama vizuri.)

Mtihani wa rais uliwekwa kando baada ya mwaka wa masomo wa 2012/2013. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Trump akatia saini amri ya kuurudisha. Kumbe tamaa ya kumjua wa kwanza haifi upesi.

Kilichochukua nafasi yake katikati ya hapo kilitoka Dallas, Texas. Taasisi ya Cooper, iliyoanzishwa na daktari Kenneth Cooper, ilibuni mwaka 1982 ripoti ya utimamu iliyofanana na ripoti ya masomo. Baadaye ikafanya jambo ambalo mama yeyote wa Tandale au Ngaramtoni angelitambua mara moja: iliacha kuwalinganisha watoto wao kwa wao, ikachora eneo la afya kwa kila umri na jinsia. Ama mtoto yumo, ama bado hajafika. Waliomo wanaweza kuwa kumi, wanaweza kuwa darasa zima. Ni kijani cha kadi ya kliniki, kimehamia uwanjani.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kipimo cha pumzi kinachotumika zaidi duniani kilibuniwa na Luc Léger wa Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1982. Mwalimu anahitaji sehemu tambarare, futikamba, chokaa au majivu ya kuchorea mistari miwili iliyoachana mita 20, na simu yenye sauti iliyorekodiwa, ikiunganishwa na kispika kile kinachopigia taarabu dukani. Watoto kumi wanasimama kwenye mstari. Wengine kumi wanakaa chini na kalamu, kila mmoja na mwenzake wa kumhesabia. Tiii, wanaondoka. Wanatakiwa kufika mstari wa pili kabla ya mlio unaofuata, wageuke, warudi.

Dakika ya kwanza ni mzaha. Mwendo ni kilomita 8.5 kwa saa, mtoto ana sekunde nane na nusu za kumaliza mita 20, na wengine wanafika mapema, wanasimama kuusubiri mlio huku wakisukumana. Kila dakika mwendo unapanda kwa nusu kilomita. Kufikia dakika ya nne maneno yamekwisha. Dakika ya nane ni kilomita 12 kwa saa, sekunde sita tu kati ya mstari na mstari, na hapo vumbi limepanda hadi kwenye soksi, kola zimefunguka, mmoja anagusa chokaa kwa ncha ya kidole gumba na kugeuka kama mbuzi aliyekatwa kamba. Anayehesabu anachora vijiti nyuma ya daftari, vinne na kimoja cha kulala juu yake, tano. Vinne tena na kimoja. Mtoto akikosa mlio mara mbili mfululizo, anatoka. Hakuna anayesukumwa wala kuchapwa ili aongeze. Anajitoa mwenyewe mwili ukikataa. Darasa la watoto 60 linamalizika kwa vipindi viwili.

Kuruka mbali ni rahisi zaidi. Miguu nyuma ya mstari, mikono inapungwa, mtoto anaruka, futikamba inanyoshwa kutoka mstarini hadi kisigino kilicho nyuma. Anajaribu tena, mruko ulio mrefu unaandikwa. Basi.

Ipo nchi ndogo ambayo imefanya hivi kwa uvumilivu wa mkulima. Slovenia, yenye watu milioni mbili hivi, inapima watoto wa shule zake kila mwezi Aprili, nchi nzima, tangu miaka ya 1980, kwa ridhaa ya wazazi. Vipimo vya umbo ni vitatu: urefu, uzito na unene wa ngozi inayobanwa nyuma ya mkono. Vitendo ni vinane, vikiwemo kukimbia mita 600 na kile wanachokipenda wadogo, kutambaa kinyumenyume kwa mikono na miguu ukipita juu ya kizuizi kimoja na chini ya kingine. Wanaopima ni walimu wa michezo wenyewe. Takwimu zinakwenda chuo kikuu cha Ljubljana, zinachambuliwa, kisha zinarudi shuleni na kwa mtoto.

Neno la kushikwa hapo ni zinarudi. Mwaka 2020, baada ya shule kufungwa kwa miezi miwili hivi kwa sababu ya korona, wataalamu wa Slovenia waliwapima watoto na kuuona mporomoko mkubwa wa utimamu kuliko wowote tangu upimaji uanze. Mataifa makubwa yalikuwa yakikisia madhara ya kuwafungia watoto ndani. Slovenia ilikuwa na daftari la miaka yote ya nyuma mezani, ikafungua na kusoma.

Huku kwetu jibu la haraka linajulikana: watoto wetu wanatembea, wanachota maji, wanalima, kipimo ni cha watoto wa wazungu wanaokula baga. Jibu hilo lina ukweli wake, na ukweli huo unatoka kwa watu waliopima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha wavulana wa Kinandi wa magharibi mwa Kenya, wa kijijini na wa mjini, na wa kijijini wakaonekana kuwa na pumzi kubwa zaidi. Lakini isomwe sentensi hiyo kwa upande wa pili. Kabila ni moja, milima ni ile ile, wanaotajwa kuwa babu zao ni wakimbiaji wale wale, na bado kuhamia mjini kumepunguza kitu. Basi la shule la njano linalompitisha mtoto Mbezi saa kumi na moja alfajiri na kumrudisha magharibi, akiwa amekaa, kisha akae tena kwenye tuisheni, halijali babu yake alikimbia wapi.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za shughuli za kutoa jasho kila siku. Uchambuzi wake wa takwimu za nchi 146 hadi mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 waliokuwa shuleni hawafikii kiwango hicho. Kwa wasichana ni asilimia 85. Hiyo si habari ya Texas peke yake.

Mizani nayo inahitaji adabu. Watoto wa shule ya msingi wana majina tayari kwa kila umbo, bonge kwa huyu na kimbaumbau kwa yule, na mwalimu akisoma kilo kwa sauti mbele ya darasa amewapa mengine ya mwaka mzima. Uzito upimwe faraghani, mmoja mmoja, uandikwe bila kutamkwa. Na usisomwe peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyedumaa huja darasani akiwa mfupi, na uzito wake ukigawanywa kwa urefu huo mfupi unaweza kuonekana mzuri kabisa. Ndiyo maana urefu, umri, pumzi na mruko vinapaswa kukaa kwenye karatasi moja, na atakayeisoma ajue anatafuta nini.

Wapo pia ambao kipenga kisipulizwe kwao kabla mzazi hajaulizwa. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na selimundu, na mtoto wa selimundu akikimbizwa juani mpaka aishiwe maji anaweza kuishia wodini. Kuna wenye pumu, kuna wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi bila kujua. Fomu ya maswali matano kwenda nyumbani wiki moja kabla, maji ya kunywa pembeni, uwanja wa asubuhi badala ya saa saba mchana: hayo yakikosekana, heri upimaji uachwe. Kwa wasichana, siku ya kupimwa iwe na mbadala ambao haudai maelezo, na suruali ndefu au hijabu isihesabiwe kuwa ukaidi. Mambo haya yanaonekana madogo kwa aliyeandaa ratiba. Kwa binti wa miaka 14 ndiyo yanayoamua kama atakimbia au atajifanya anaumwa.

Nani atafanya kazi hii? Walimu wa michezo wapo, ingawa hawatoshi. Vyuo vya Butimba na Malya, vyote mkoani Mwanza, vimewatoa kwa miaka mingi, na wengi wao wanafundisha masomo mengine kwa sababu kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kumegwa mitihani ikikaribia. Kenya inaijua hadithi hiyo. Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 somo la mazoezi lilikuwepo kwenye ratiba, halikutahiniwa, na saa yake ikaliwa na hisabati. Wapo wanaodhani dawa ni kulitahini. Ni dawa mbaya. Siku pumzi ya mtoto itakapogeuzwa alama, wazazi watatafuta tuisheni ya kukimbia, na mwenye moyo dhaifu atafelishwa kwa ugonjwa wake.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala watahiniwa bora. Watu walinung'unika, magazeti yalikosa picha za ukurasa wa mbele, na baada ya wiki chache maisha yakaendelea. Kama inawezekana kuficha nafasi kwenye mtihani ambao kazi yake ni kuchuja, kwenye mwili wa mtoto haipaswi hata kujadiliwa. Karatasi ya utimamu imtaje mtoto mmoja tu: mwaka jana mizunguko 31, mwaka huu 38, mruko mita 1.42, sasa mita 1.50; na mahali alipo ukilinganisha na eneo la afya la umri wake. Jina la wa kwanza halina kazi hapo.

Na ikiwa mistari ya darasa zima imeshuka, atakayeketishwa pembeni ni mwalimu mkuu. Aulizwe kama mama anavyoulizwa kliniki: watoto wanacheza nini, mara ngapi kwa wiki, uwanja umeuzwa kwa nani, mchakamchaka ulikufa lini, na kwa nini mazoezi yamebaki kuwa ya waliochelewa.

Slovenia imekwenda mbele kidogo. Mtu mzima aliyeridhia kumbukumbu zake zitunzwe anaweza kuyaona matokeo yake ya utotoni, na mama akaziweka mbio zake za mita 600 sambamba na za binti yake. Mama wa Kitanzania naye ana kumbukumbu. Akifungua sanduku, akatoa ule mfuko wa nailoni, ataonyesha mwanawe alikuwa na kilo ngapi akiwa na miezi tisa, mwezi gani aliugua malaria na mstari ukalegea, lini ulipanda tena. Mwanawe sasa yuko kidato cha pili. Mstari kwenye kadi umeishia Juni ya mwaka aliotimiza miaka mitano, na upande wa kulia wa karatasi bado ni mweupe.